Waria (utani)
Waria ni jina la utani wanalopewa Wasomali nchini Kenya, kutokana na waryaa, neno la Kisomali la kumwita mwanamume. Mjini Garissa, baina ya marafiki, halina ubaya. Kinywani mwa askari kwenye kizuizi cha barabarani huwa neno jingine kabisa. Wachekeshaji hulitumia pamoja na lafudhi ya kuigiza. Tangu shambulio la kigaidi katika Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, mzaha wa kumfananisha Msomali na gaidi umekuwa mchungu zaidi. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hulinda uhuru wa kujieleza, lakini si matamshi ya chuki. Baadhi ya wachekeshaji Wasomali nao huitania jamii yao wenyewe.