Jimmy Hill, mchezaji aliyejua kusema

Agosti 22, 1964, BBC iliporusha kwa mara ya kwanza kipindi cha Match of the Day, Liverpool wakiifunga Arsenal 3-2 pale Anfield, mtangazaji alikuwa Kenneth Wolstenholme, rubani wa zamani wa ndege za mabomu. Ndivyo mambo yalivyokwenda. Mchezaji alicheza, na mtu mwingine mwenye tai na Kiingereza cha kisomi akasimulia. Mchezaji akisogezewa kipaza sauti alijibu mawili matatu ya adabu, akaenda zake kuoga.

Aliyeupindua utaratibu huo hakuwa nyota. Nyota wa Fulham alikuwa Johnny Haynes, fundi wa pasi na nahodha wa England. Jimmy Hill, mwenzake wa Fulham, mzaliwa wa Balham, kusini mwa London, alikuwa mpambanaji tu, mwenye kidevu kirefu kilichofugwa ndevu. Alichowazidi wenzake ni kusema.

Kusema huko alijifunzia kwenye chama cha wachezaji, alikokuwa mwenyekiti tangu 1957. Siku hizo mshahara wa mchezaji Uingereza ulikuwa na kikomo, na kufikia 1961 kikomo chenyewe kilikuwa pauni 20 kwa wiki. Uwanja ufurike usifurike, uwe Haynes au beki wa akiba, huvuki hapo. Hill akazunguka kuwashawishi wachezaji wakubali kugoma, huku akiwaeleza waandishi wa habari hoja zake kwa maneno mafupi yaliyoeleweka hata na asiyejua mpira. Januari 1961, siku chache kabla ya mgomo, wenye klabu wakasalimu amri. Haynes akapandishwa hadi pauni 100 kwa wiki. Hill hakuambulia kitu: goti lilishamsaliti, na mwaka huohuo akatundika daluga.

Hakuambulia kitu kwa maana ya fedha. Mimi naona kazi yake ya runinga ilizaliwa pale kwenye meza ya mazungumzo, wala si uwanjani. Wachezaji waliomzidi kipaji walikuwa tele. Waliozoea kubishana hadharani na mabosi, bila kupandisha sauti na bila kurudi nyuma, hawakuwepo.

Lakini kwanza alipitia Coventry City, akiwa kocha. Aliikuta daraja la tatu, na mwaka 1967 akaipandisha daraja la kwanza kwa mara ya kwanza katika historia yake. Huko nako alionyesha kwamba picha imeshamkaa kichwani. Oktoba 1965, timu ikicheza ugenini Cardiff, mashabiki zaidi ya 10,000 walikwenda kwenye uwanja wao wa nyumbani kuutazama mchezo huo moja kwa moja kwenye skrini kubwa zilizosimamishwa uwanjani. Kibanda umiza cha watu elfu kumi, tena hadharani. Timu ilipopanda, Hill akaiacha kabla haijacheza hata mechi moja ya daraja la kwanza, na baada ya muda akawa mkuu wa michezo wa London Weekend Television, kituo kipya cha mtandao wa ITV kilichoanza kurusha matangazo 1968.

Kombe la Dunia la Mexico, 1970, ndilo lililobadilisha kila kitu. ITV ilikuwa imezoea kushindwa na BBC kwa idadi ya watazamaji kila zilipoonyesha mechi moja. Safari hii, Hill akiwa mmoja wa waliopanga, studio ya ITV ikajazwa watu wa mpira: Malcolm Allison, kocha wa Manchester City mwenye majigambo, Paddy Crerand wa Manchester United, Derek Dougan wa Wolves, na Bob McNab, beki wa Arsenal aliyekuwa ameachwa dakika za mwisho kwenye kikosi cha England. Wakabishana. Wakakatizana kauli, wakawasema wachezaji wenzao kwa majina, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Watazamaji wakahama BBC. Kila meza ya uchambuzi unayoiona leo, iwe London au Dar es Salaam, ina asili yake kwa watu wale.

Mwaka 1973 BBC ikamchukua Hill mwenyewe. Hapo ndipo doa linapoanza, na waliomwandikia sifa alipofariki Desemba 2015 hawakupenda kulikazia macho. Tangu 1975 alikuwa pia na cheo katika uongozi wa Coventry, baadaye mwenyekiti, huku akiwa anaongoza Match of the Day, kipindi kinachozihukumu klabu zote. Mei 1977 Coventry, Bristol City na Sunderland zote zilikuwa zinapigania kutoshuka daraja siku ya mwisho. Mechi ya Coventry na Bristol City ilicheleweshwa kuanza, sababu ikitajwa kuwa ni mashabiki waliochelewa kufika. Zikiwa zimefungana 2-2, habari ikaja kwamba Sunderland imefungwa na Everton. Hill akaagiza matokeo hayo yatangazwe uwanjani. Sare iliwatosha wote wawili, kwa hiyo dakika zilizobaki wakapasiana bila kushambulia. Sunderland ikashuka. Mashabiki wake hawakumsamehe, na sioni kwa nini wangemsamehe.

Njia aliyoifungua ilimfikisha Gary Lineker, mfungaji bora wa Kombe la Dunia 1986, kwenye kiti cha Match of the Day mwaka 1999. Baadaye alifikia kulipwa zaidi ya pauni milioni 1.3 kwa mwaka. Machi 2023, BBC ilipomweka kando kwa kuikosoa mtandaoni sera ya serikali kuhusu wakimbizi, wachambuzi wenzake Alan Shearer na Ian Wright walikataa kuingia studio, watangazaji wa mechi wakafuata, na kipindi kikaenda hewani kwa dakika 20 tu, bila maelezo wala uchambuzi. Mgomo ambao Hill aliutishia 1961 ukafanyika studio, na mwajiri akanywea baada ya siku mbili.

Lineker aliaga Mei 2025. Kiti chake wamegawana watu watatu, Mark Chapman, Kelly Cates na Gabby Logan, na hakuna kati yao aliyecheza soka la kulipwa. Cates ni binti wa Kenny Dalglish. Logan ni binti wa Terry Yorath, kiungo aliyekuwa akiichezea Coventry mwaka ule wa 1977.