Udongo katika Utando: Vijazo vya Nano na Tatizo la Neno "Kuzuia"

Historia ya vijazo vya nano katika tando za polima ni, kwa sehemu kubwa, historia ya udongo. Montmorilonaiti, madini yanayobeba jina la mji wa Montmorillon nchini Ufaransa, yameundwa kwa matabaka yenye unene wa nanomita 1 hivi. Matabaka hayo huvuta maji, ilhali polima nyingi huyakwepa. Ndiyo maana udongo uliochanganywa na plastiki bila maandalizi hubaki madonge.

Mwaka 1967, L. E. Nielsen alionyesha kihesabu kwamba vibamba visivyopenyeka huilazimisha gesi kufuata njia ya kupindapinda ndani ya polima. Hesabu ilikuwepo, nyenzo ya kuitendea haki ilichelewa. Ilipatikana Japani katika miaka ya 1980, pale watafiti wa maabara ya Toyota walipoziondoa ioni za sodiamu baina ya matabaka, wakaweka molekuli za kikaboni, kisha wakaiunda nailoni 6 papo hapo hadi matabaka yakaachana. Kwa udongo usiofikia asilimia 5 ya uzito, kiwango cha joto ambacho nailoni hiyo hulegea chini ya mzigo kilipanda kutoka nyuzi 65 za Selsiasi hadi zaidi ya 140. Zao la kwanza sokoni lilikuwa kifuniko cha mkanda wa injini ya gari. Tando za kufungashia chakula zilifuata, kwa kuwa oksijeni ilipenya polepole zaidi.

Suala la moto liliingia kwa uzito katika miaka ya 1990. Nchini Marekani, Jeffrey Gilman na wenzake katika taasisi ya viwango ya NIST walipima nailoni yenye asilimia 5 ya udongo, wakakuta kilele cha joto linalotolewa wakati wa kuungua kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 60. Gamba la kaboni na silikati lilijengeka juu ya nyenzo na kuukinga sehemu ya chini. Hata hivyo, nyenzo haikuchelewa kushika moto, na jumla ya joto lililotolewa haikupungua sana.

Hapa ndipo Kiswahili kinapopaswa kuwa makini. "Kizuia moto" na "utando usiopitisha hewa" ni istilahi zinazoahidi kuliko vipimo vinavyoruhusu. Kijazo hakizuii, kinachelewesha gesi na kupunguza ukali wa mwako. Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Marufuku ya Tanzania ya Juni 2019 iligusa mifuko ya kubebea, ikaacha vifungashio vya dawa, vyakula vya viwandani na pembejeo za kilimo. Tando hizi, basi, zimo katika eneo linaloruhusiwa, na viwango vyake vikiandikwa kwa Kiswahili, mkaguzi atalisoma neno kama lilivyo. "Upenyevu" lingefaa kuliko "kizuizi", kwa sababu hudai kipimo: kiasi gani cha gesi, katika eneo gani, kwa muda gani, chini ya shinikizo gani.