Vijana wa Kakuma na Walezi wa Kujitolea Nchini Marekani

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000, vijana wapatao 3,800 kutoka kusini mwa Sudan, waliokuwa wametengana na wazazi wao tangu utotoni, walihamishwa kutoka kambi ya Kakuma nchini Kenya kwenda Marekani. Baadhi yao walikabidhiwa familia. Wengi zaidi waliwategemea wakazi wa kawaida waliojitolea kuwashika mkono.

Safari yao ilianza mwaka 1987, vita vilipopamba moto kusini mwa Sudan. Vijiji vilichomwa moto, na wavulana wengi waliokuwa malishoni na mifugo wakakimbia bila ya kujua waliko wazazi wao. Inakadiriwa kwamba watoto 20,000 walitembea mamia ya kilomita hadi Ethiopia. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilipoanguka mwezi Mei mwaka 1991, walilazimika kukimbia tena, na wengi wakapoteza maisha walipokuwa wakivuka mto Gilo. Walionusurika waliwasili Kakuma mwaka 1992.

Katika jangwa hilo la Turkana walileana wenyewe kwa wenyewe, wakubwa wakiwatunza wadogo. Walipewa jina la Wavulana Waliopotea. Wasichana hawakuonekana sana, kwa kuwa wengi walikuwa wamechukuliwa na familia za Kisudani kambini. Katika msafara wa Marekani walikuwamo wasichana 89 tu.

Tarehe mosi Januari

Watoto hao hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Maofisa waliukadiria umri wao, na wengi wakaandikiwa kuwa wamezaliwa tarehe mosi Januari. Makadirio hayo ndiyo yaliyoamua hatima yao. Aliyehesabiwa kuwa na umri wa chini ya miaka 18 aliingizwa katika mpango wa serikali wa kuwalea watoto wakimbizi wasio na wazazi, akapatiwa nyumba yenye baba na mama na kupelekwa shule. Aliyeuvuka umri huo, japo kwa kukisia, alihesabiwa kuwa mtu mzima. Alipangishiwa nyumba pamoja na wenzake, akapewa msaada kwa miezi michache, kisha akatakiwa kutafuta kazi na kulipa kodi ya nyumba mwenyewe.

Hapo ndipo walipohitajika watu wa kujitolea. Mashirika ya kuwapokea wakimbizi yalikuwa na wafanyakazi wachache, nayo makanisa na wakazi wa miji wakaombwa kusaidia. Kazi yenyewe haikuwa na makuu: kuwaonyesha namna ya kutumia jokofu na jiko la umeme, kuwaeleza maana ya bili, kupanda nao basi mara ya kwanza, kujaza nao fomu za kazi, na kukaa nao jioni kuwasikiliza.

Mjini San Diego, Judy Bernstein alijitolea mwaka 2001 kuwaongoza vijana waliokuwa wamefika punde. Uhusiano huo haukwisha msaada ulipokwisha. Mwaka 2005, Benson Deng, Alephonsion Deng na Benjamin Ajak walichapisha kitabu kuhusu maisha yao, naye akiwa amewasaidia kukiandika.

Kijana aliyekwenda kwa familia ni Lopez Lomong. Alilelewa katika mji mdogo wa Tully, jimbo la New York, akasoma na kukimbia mbio, na mwaka 2008 akabeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki mjini Beijing.

Hisani na haki

Njia zote mbili zilizaa matunda, lakini hazikuwa sawa. Familia ilitolewa na sheria, ilhali mtu wa kujitolea alitegemea bahati. Aliyempata mwenye subira alipata ndugu, na aliyemkosa alibaki na wenzake, wageni kama yeye. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001, safari za wakimbizi zilisitishwa kwa muda, na baadhi ya vijana wakabaki Kakuma huku wenzao wakiwa wameshaondoka.

Mwezi Januari mwaka 2023, serikali ya Marekani iliwaruhusu wananchi, katika makundi ya watu wasiopungua watano, kuwadhamini wakimbizi moja kwa moja. Miaka miwili baadaye, mwezi Januari mwaka 2025, mpango mzima wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa, na udhamini huo nao ukakoma.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Historia ya vijana wa Kakuma inaonyesha kwamba mikono ya kulea ilikuwapo, tena katika miji ambayo watu wake hawakuwahi kuisikia Sudan kwa karibu. Wala kijana hakuacha kumhitaji mlezi kwa sababu tu karatasi ilisema ametimiza miaka 18.