Sauti ya Mrina Asali na Ndege Amwongozaye: Historia ya Mawasiliano kutoka Sofala hadi Eyasi

Wanaisimu tumezoea kuihesabu lugha kuwa mali ya wanadamu peke yao, na kwa sehemu kubwa tuna haki ya kufanya hivyo. Hata hivyo, katika nchi zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara yapo mapatano ya kale baina ya watu na ndege wa porini ambayo ni vigumu kuyaeleza bila kuazima istilahi za taaluma yetu: ishara, kupokezana zamu, tofauti za kieneo, urithishaji. Ndege huyo ni mlembe, mwongoza asali, ambaye wanasayansi humwita *Indicator indicator*. Chakula akipendacho ni nta. Tatizo lake ni kwamba nta imo ndani ya tundu la mti, na nyuki wanaweza kumuua kabla hajaidonoa. Binadamu ana moto na shoka, lakini mara nyingi hajui nyuki walipo. Makala haya yanafuatilia historia ya ushirikiano huo, kisha yanauliza swali linalowahusu watunga sera wa ukanda wetu: ni nini hupotea mrina asali anapoondolewa porini?

Ushahidi wa maandishi unaanzia Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo. Padri João dos Santos, Mreno wa shirika la Wadominiko, alifika huko mwaka 1586. Katika kitabu chake *Ethiopia Oriental*, kilichochapwa Évora mwaka 1609, alimsimulia ndege aliyekuwa akiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa ya altareni. Alieleza pia kwamba ndege huyo huwaongoza watu hadi kwenye asali. Kwa mtafiti wa lugha, la thamani zaidi ni kwamba padri huyo aliliandika jina ambalo wenyeji walimwita ndege, yaani *sazu*. Wengi waliomfuata hawakujali hata hilo.

Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1777, Anders Sparrman wa Uswidi alichapisha maelezo ya ndege huyu katika jarida la Royal Society ya London, baada ya safari zake kusini mwa Afrika. Kutokana na Sparrman ilienea hadithi kwamba ndege humwongoza nyegere pia. Hadithi hiyo ilirudiwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 200, na ni wachache waliofikiri kuwauliza warina asali wenyewe. Walipoulizwa hatimaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na kuwahusisha karibu watu 400 katika nchi 9 za Afrika, wengi walisema hawajapata kuwaona wanyama hao wawili wakishirikiana. Lakini miongoni mwa Wahadzabe wa Tanzania asilimia 61 walisema wamewaona. Maarifa ya aina hii ni ya mahali, na anayeyakusanya katika kijiji kimoja na kuyatangaza kuwa ya bara zima hupotoka, sawa na anayeyapuuza yote.

Hatua kubwa ya kisayansi ilichukuliwa kaskazini mwa Kenya. Hussein Isack, mtafiti Mkenya, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, alichapisha mwaka 1989 matokeo ya uchunguzi wao miongoni mwa Waborana. Bila ndege, warina asali walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata kundi moja la nyuki. Wakiongozwa na ndege, walihitaji saa 3.2. Waborana walikuwa wakieleza tangu zamani kwamba mruko na mlio wa ndege huwajulisha upande wa kwenda, umbali uliobaki, na kwamba wamefika. Vipimo vya watafiti vilithibitisha maelezo hayo. Ni vyema tukumbuke mpangilio huo: wazee walisema kwanza, vipimo vikafuata.

Kwa Wayao wa Hifadhi Maalumu ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ndege huitwa *sego*. Mrina asali anapotaka kuongozwa hutoa sauti ya kutetemesha ulimi inayomalizikia kwa mgumio mfupi, ambayo watafiti wameiandika *brrr-hm*. Claire Spottiswoode pamoja na Keith na Colleen Begg waliijaribu sauti hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Walipoilinganisha na sauti nyingine, waliona kwamba *brrr-hm* iliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka takriban asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kuonyeshwa nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Ndege hakuwa akiitikia kelele yoyote tu ya binadamu. Aliitambua ishara mahususi na kuihusisha na mtu aliye tayari kushirikiana.

Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi hawatumii sauti hiyo. Wao hupiga mluzi wenye vipande vinavyopanda na kushuka. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood walionyesha kwamba mlembe wa nchi ya Wahadzabe aliuitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao, na yule wa Niassa aliiitikia sauti ya Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi wa Wahadzabe. Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusimama. Tunawafundisha wanafunzi wetu unasibu wa ishara: hakuna sababu ya kimaumbile inayolazimisha sauti fulani iwe na maana fulani, isipokuwa mapatano ya jamii. Katika mapatano haya mmoja wa wanajamii ana mbawa.

Isitoshe, mlembe hafunzwi na wazazi wake. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda hukua bila kuwaona waliomzaa. Inaelekea, basi, kwamba tabia ya kuongoza huzaliwa nayo, lakini sauti ya watu wa mahali hapo hujifunza akiwa porini, kwa kuwasikia na kula mabaki yao. Upande wa watu, Wayao husema walijifunza sauti hiyo kwa baba zao, na kwamba mtu akiibadilisha hatapata ushirikiano mzuri. Maelezo hayo yanatosha kueleza jinsi tofauti za kieneo zinavyodumu pande zote mbili.

Malipo nayo hutofautiana. Wayao humwekea ndege nta yake juu ya majani mabichi. Wahadzabe mara nyingi huificha au kuichoma nta iliyobaki ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Wasomaji wanaopenda kuyaona mahusiano ya watu na wanyama kuwa ya upendo mtupu wazingatie hilo. Hata hivyo mapatano yamesimama: utafiti wa Wood na wenzake wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba asilimia 8 hadi 10 ya nishati ya chakula cha Wahadzabe kwa mwaka hupatikana kwa msaada wa ndege huyu.

Upo ushahidi wa muda mrefu kwamba mapatano haya yanaweza kukatika. Herbert Friedmann, katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu jamii ya ndege hawa, alikwisha kueleza kwamba uongozaji hufifia pale watu wanapoacha kutafuta asali na kununua sukari. Sababu ya pili ni uhamishaji. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu za Liwale, kusini mwa Tanganyika, kwa hoja ya kuzuia malale, na ardhi yao ikaunganishwa na pori la akiba la Selous. Nta ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyouzwa kutoka misitu ya Tanganyika tangu enzi ya Wajerumani, na walioijua misitu hiyo ndio waliotolewa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania, Na. 5 ya 2009, imeendeleza kanuni kwamba kuingia katika mapori ya akiba kunahitaji kibali. Niassa ilifuata njia nyingine: hifadhi hiyo ya takriban kilomita za mraba 42,000 ina vijiji ndani yake, na si sadfa kwamba utafiti wa *brrr-hm* ulifanyika huko.

Sisemi kwamba kila pori lifunguliwe. Moto wa warina asali wasio waangalifu huunguza misitu, na wapo wanaokata mti mzima kwa ajili ya debe moja la asali. Ninachosema ni kwamba sera inayomhesabu mrina asali kuwa mharibifu tu imeacha kuhesabu kitu. Mti unaweza kupandwa upya, na ndege ataendelea kuzaliwa na silika yake. Lakini kizazi cha walembe kisichosikia sauti ya watu hakina pa kujifunzia maana yake, na kijana asiyeruhusiwa kumfuata baba yake porini hana sababu ya kuikariri.

Kiyao kinasemwa Msumbiji, Malawi na Tanzania, pande zote mbili za Mto Ruvuma. Inafaa idara za wanyamapori na taasisi za lugha za nchi hizo zifanye kazi moja kwa pamoja: kurekodi, kijiji kwa kijiji, sauti za kumwita *sego* na msamiati wa kurina asali, na kulinganisha zinavyofanana au kuachana mtu anapovuka mto. Taarifa hizo zitumike kuamua ni wapi vibali vya msimu vya kurina asali vitolewe, kwa masharti ya moto na ya kutokata miti, na vitolewe kwa mzee pamoja na kijana anayejifunza kwake. Kwa upande wa Tanzania kazi hiyo ingeanzia Tunduru na Masasi, maadamu wapo wazee waliowahi kuliingia pori wakiitikiwa.