Walinzi wa Vijidudu Wema

Mtu aondokaye katikati ya jiji la Nairobi akafuata barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, akapita Westlands na Kangemi, hufika Kabete. Safari hiyo si ndefu, lakini zamani, kabla reli haijafika mwaka 1899, mtu aliyeifanya alivuka mpaka wa vyakula viwili. Huku tambarare, penye maji baridi ambayo kwa lugha ya Kimaasai yalilipa jiji jina lake, wafugaji walikunywa maziwa yaliyogandia ndani ya kibuyu. Kule vilimani Wakikuyu walilima mtama, wimbi na baadaye mahindi, wakanywa uji wa unga uliochachushwa. Tofauti hiyo iliwashangaza wageni hata mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks wakatoa taarifa nzima kulinganisha afya ya Wamaasai na ya Wakikuyu kwa kufuata chakula chao.

Ndani ya kibuyu na ndani ya chungu walikuwamo viumbe wasioonekana kwa macho. Tutawaita vijidudu wema, ili tuwatenge na wale waletao maradhi. Hao hula sukari iliyomo katika maziwa au unga na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo ukali tuuonjao. Swali la insha hii ni moja tu: je, vijidudu hao hufika hai matumboni mwetu?

Swali hilo lilianza kusumbua watu huko Ulaya. Mwaka 1907 Élie Metchnikoff, mtaalamu wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliandika kwamba maziwa ya kuganda yaweza kurefusha maisha, kwa kuwa vijidudu wake hushindana na wale waozeshao ndani ya matumbo. Watu wengi walimwamini. Lakini wachunguzi waliomfuata waliona kwamba kijidudu aliyemsifu, yule wa maziwa ya Bulgaria, hafanyi maskani ndani ya mtu. Mwaka 1930 Minoru Shirota wa Japani akaifuata njia nyingine: alitafuta kijidudu mwenye kustahimili asidi ya tumbo na nyongo, akamkuza. Tangu hapo kazi ikawa si kuwapata vijidudu wema tu, bali kuwafikisha. Mwaka 2001 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya yalipokutanisha wataalamu ili kueleza maana ya probayotiki, neno la kwanza waliloshikilia ni uhai: sharti kijidudu awe hai, na awe na wenzake wa kutosha, ndipo aitwe hivyo.

Sasa turudi kwetu. Mfugaji hasafishi kibuyu chake kwa sabuni na maji ya moto kama sisi tusafishavyo chupa. Mmaasai hukifukiza kwa kijinga cha mzeituni mwitu. Mkalenjin huchoma mti uitwao senetwet, akasugua makaa yake ndani. Mabaki ya maziwa ya jana hubaki katika ukuta wa kibuyu, nayo huwa mbegu ya maziwa ya leo. Hivyo kibuyu, ambacho ni tunda la mmea, kilikuwa nyumba ya vijidudu kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2004 Julius Mathara na wenzake walitangaza uchunguzi wa sampuli 22 za maziwa ya Kimaasai yaitwayo kule naoto, wakaona kwamba kijidudu aliyezidi wengine ni Lactobacillus plantarum, maana yake, wa mimea. (Mwaka 2020 wataalamu walimpa jina jipya refu zaidi, lakini hiyo ndiyo desturi yao.) Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1984, S. K. Mbugua, ambaye jina lake limo pia katika uchunguzi ule wa maziwa, alikuwa ameeleza vijidudu wa uji wa kuchachua. Na huko pia mkubwa wa kazi alikuwa yeye huyo plantarum. Mpaka uliotenganisha vyakula viwili haukumtenga kijidudu.

Lakini mwisho wa kijidudu wa uji ni wa huzuni. Unga hulowekwa, huachwa siku moja au mbili, kisha humiminwa katika maji yachemkayo. Hapo hufa wote. Si kwamba kazi yao imepotea: asidi waliyoiacha huzuia vijidudu wabaya wasiote upesi katika uji. Lakini walio hai hawapo tena.

Nilipata kuwaonyesha wanafunzi wangu jambo hili kwa vikombe viwili. Tulichemsha maziwa, tukayapoza hadi yakawa vuguvugu, tukayagawa. Katika kikombe cha kwanza tulitia kijiko cha maziwa lala. Katika cha pili tulitia kijiko cha maziwa lala hayo hayo, lakini yaliyokwisha kuchemshwa kwanza. Kesho yake cha kwanza kiliganda vizuri. Cha pili kilikuwa maziwa tu. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, kama moto wawaua, na tumbo je?" Sikumjibu siku ile.

Tumbo la mtu lina asidi kali mno, nayo huua vijidudu wengi. Njia ya kuwalinda ilipatikana kwa mzunguko. Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walifunga chembe hai za kongosho ndani ya vitone vya aljineti, yaani ute utokao katika mwani wa rangi ya kahawia, wakavitia ndani ya panya wenye kisukari. Watu wa chakula wakauchukua ufundi wa namna hiyo. Vijidudu huchanganywa na ute huo, kisha hudondoshwa katika maji yenye kalisi. Kila tone hugeuka kuwa punje laini. Ndani ya asidi punje hujikaza; ifikapo matumboni, ambako asidi imepungua, hulegea na kumwachilia mfungwa wake. Kwa kuwa ganda hilo lina vitundu vidogo vidogo, wengine huongeza wanga wa mahindi usiomeng'enywa upesi, au gundi ya mgunga, ambayo hukusanywa hata huku kwetu, katika nchi kavu za Turkana, Wajir na Isiolo. Nionavyo mimi, ni kibuyu kile kile, ila kimefinywa hata hakionekani.

Njia hiyo yataka mitambo na fedha. Kwa hiyo nawastahi walioanza Uganda mwaka 2012 na kitu rahisi zaidi, kiitwacho Yoba. Hiki ni kipakiti cha gramu 1 ya vijidudu waliokaushwa, kiwezacho kugandisha maziwa hadi lita 100. Kijidudu wao, Lactobacillus rhamnosus, hawezi kujitegemea katika maziwa. Basi walimpa mwenzi, Streptococcus thermophilus, amtayarishie chakula.

Hapa yafaa tuwe waaminifu. Mwaka 2018 majaribio makubwa mawili, moja la Marekani na moja la Kanada, hayakuona kwamba vijidudu wa jamii hiyo waliwasaidia watoto waliofikishwa hospitali wakiharisha. Kufika hai ni jambo moja, kuponya ni jingine, na swali la pili bado lachunguzwa.

Huko Kangemi namjua bibi mmoja auzaye uji asubuhi. Kabla ya kuumimina unga mchachu katika sufuria, huchota kikombe kimoja akakifunika kwa kisahani, akakiweka mbali na moto. Nilimwuliza ni cha nani. Akasema, "Hicho ni cha kesho, mwalimu."