Pemba Januari, Göteborg Juni

Naandika toka Norsborg, huku treni ya chini ya ardhi inakoishia. Leo historia kidogo.

Tarehe 27 Januari 2001, CUF waliandamana Unguja na Pemba kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe. Polisi walifyatua risasi, wakafa zaidi ya 30. Wapemba zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Mnajua.

Mwaka huohuo, 15 Juni, polisi wa Göteborg waliwapiga risasi waandamanaji watatu. Hakufa mtu, lakini Waswidi walishtuka: tangu jeshi liue watano Ådalen, 1931, walidhani yamekwisha.

Tume ziliundwa, kule ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, huku ya Ingvar Carlsson, waziri mkuu wa zamani. Waandamanaji wa Göteborg walifungwa kwa makumi. Waliofyatua risasi, si huku si kule, hakufungwa hata mmoja.