Folda ya .config
Folda ya .config ni folda iliyofichwa ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji wa mfumo endeshi wa Linux. Huhifadhi mafaili ya mipangilio ya programu na ya eneokazi, kwa mfano KDE Plasma au Xfce. Katika GNOME mipangilio mingi imo ndani ya faili moja, dconf/user.

Faili moja likiharibika, eneokazi la mtumiaji huyo linaweza kukataa kufunguka, huku watumiaji wengine wa kompyuta hiyohiyo wakiendelea bila shida. Ili kulitambua, mtumiaji hutoka kwenye eneokazi na folda hubadilishwa jina. Akiingia tena, folda mpya huundwa. Tatizo likiwa limeisha, mafaili ya zamani hurudishwa kwa mafungu hadi lenye kasoro lijulikane. Kufuta folda nzima hupoteza mipangilio yote.